Pikipiki Iliyokunywa Kibanja

Zamani, ndizi za pombe pale Kagoma zilikatwa kwa ajili ya harusi, matanga na wazee waliolala makaburini nyuma ya nyumba, kisha ukaja wakati zikakatwa ili pikipiki inywe.

Anayedhani huo ni utani hakumjua Avit, mwana wa mwisho wa mzee Rwekaza. Kaka zake wawili walimezwa na miji mapema. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mwanza, na wote hurudi Desemba na magari ya kuazima, wakala senene, wakapigana picha kwenye makaburi ya babu zao, kisha wakaondoka kabla majani ya mlo wa mwisho hayajanyauka. Kibanja, shamba la migomba la ukoo, hakiwahusu. Wanakiita "shamba la mzee", kana kwamba mzee ni mpangaji wake. Kwa hiyo Rwekaza aliweka tumaini lake lote kwa Avit, kama mtu aliyebakiwa na njiti moja ya kiberiti na upepo unavuma.

Avit alipomwoa Edvina, Rwekaza alifanya kama baba yake alivyomfanyia yeye. Asubuhi kweupe, wazee wa ukoo wakishuhudia, alimtembeza kijana kibanjani akamwonyesha sehemu yake kutoka kwenye milamula, ile miti ya mpaka, hadi kwenye mkuyu. Sehemu yenyewe ilikuwa ya mbire, migomba ya pombe, minene na myeusi shinani, iliyopandwa na watu ambao majina yao Rwekaza aliyajua na makaburi yao aliyapalilia.

"Hapa utajenga," akamwambia. "Na mimi nikifa, kigoda changu ni chako."

"Ndiyo, Tata," akasema Avit, na kesho yake akarudi Bukoba kuendesha bodaboda.

Alikuwa amepanga chumba Buhembe, na kijiwe chake kilikuwa Miembeni, mbele ya gereji ya Zahoro. Huyu Zahoro babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara wa ngozi, lakini yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kilikuwa kisafi kuliko cha watoto wa Wahaya wenyewe. Hapo kijiweni ndipo Avit alipompata abiria wake wa ajabu, Mjerumani mmoja mrefu anayechechemea, aliyekuja na mradi wa maji. Watu walimwita Bwana Dita. Ujanani mwake alikuwa mshindani wa pikipiki huko kwao, kwenye viwanja vya mviringo vya udongo na majani, na kuchechemea kule alikupata hukohuko. Alikuja Kagera na pikipiki yake moja ya zamani, imefungwa ndani ya kontena la mabomba, kama mtu asiyeweza kumwacha nyuma mbwa wake mzee.

Jumapili Avit alikwenda naye kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi isiyo na migomba, na Dita akawa anazunguka peke yake huku ng'ombe wakikimbia. Siku moja alimpa Avit ajaribu. Alipoona jinsi kijana alivyoilaza kwenye kona, gurudumu la nyuma likifagia nyasi na mguu wa kushoto ukiburuzwa chini, Dita alivua kofia akakaa chini. Mradi ulipokwisha, aliondoka na begi lake tu. Pikipiki akamwachia Avit, pamoja na kiatu cha chuma cha kuvaa mguu wa kushoto. Watu husema wazungu hawatoi kitu bure. Rwekaza baadaye alikuwa akisema kwamba kile hakikuwa bure hata kidogo.

Avit alipoileta Kagoma mara ya kwanza, mzee aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Breki ziko wapi?"

"Haina, Tata."

"Zimeharibika?"

"Haijawahi kuwa nazo. Zote za aina hii hazina."

"Na ukitaka kusimama?"

Avit akacheka. "Ukitaka kusimama, Tata, usipande."

Mzee hakucheka. Aliangalia kile kiatu cha chuma kilichokwaruzwa hadi kung'aa, akauliza mbona kiko kimoja. Avit akamweleza kwamba katika mchezo ule watu hukata kushoto tu, mwanzo hadi mwisho. Rwekaza akajibu kwamba hata mbuzi aliyefungwa kambani hubadilisha upande, maana akizunguka upande mmoja tu kamba humnyonga.

Ila lazima isemwe: kijana alikuwa anaijua kazi yake. Bodaboda wa Muleba na Bukoba walikuwa na desturi yao ya kushindana kwenye rweya siku za sikukuu, wamefungua breki za pikipiki zao za Kichina ili wasionekane waoga, na Avit aliwapita wote kama wamefungwa mawe. Walimwita Avit Kushoto. Alishinda mbuzi, akashinda godoro, akashinda televisheni ambayo Edvina aliifunika kitambaa kwa sababu chumbani hapakuwa na umeme wa kutegemea. Akavuka Mutukula akashindana Uganda. Akavunjika mfupa wa bega, akapona. Akapoteza kidole kidogo cha mguu, akapona. Kila alipokuja nyumbani kuuguza kitu, Rwekaza alimwona amepungua kidogo, kama sabuni.

"Huwezi kuacha?" alimuuliza siku moja.

"Nikiwa barabarani, Tata, wananiita 'wewe boda'. Mtoto wa shule ananipigia mluzi kama mbwa. Kule uwanjani kipaza sauti kinanitaja kwa jina langu na la ukoo wangu. Lako."

"Sikukutuma ulipeleke huko."

Mashine ile haikunywa petroli. Ilitaka spiriti kali, na Dita alikuwa ameacha mapipa ya kutosha, lakini yaliisha. Zahoro alijaribu petroli, injini ikachemka na kugonga kama mtu mwenye pepo. Ndipo Avit alipomkumbuka shangazi yake Jovita, dada yake Rwekaza, ambaye gongo lake lilijulikana hadi Kamachumu. Jovita akalichemsha mara ya pili, akalichemsha mara ya tatu, Zahoro akachezea kabureta, na mashine ikaamka ikanguruma bila moshi. Harufu yake ilikuwa kama ya nyumba yenye msiba siku ya kumaliza tanga: tamu, nzito, ya ndizi. Nyuki waliifuata. Ilipokuwa imeegeshwa uani walitua kwenye tangi, wakalewa, wakaanguka chini wakatapatapa.

Rwekaza alijua habari hiyo siku alipokuta mikungu yake ya mbire imelundikwa mbele ya kibanda cha Jovita.

"Jovita! Ndizi za nani hizi?"

"Za mwenye nazo. Si ulimpa mbele ya wazee? Au umri umekuchukua akili?"

"Nilimpa kibanja. Sikumpa kiwanda."

"Kaka, umekunywa kwangu tangu sijaota mvi. Leo kaja mteja mwingine, unanuna?"

"Wateja wako wote walikuwa na mdomo!"

Zahoro, aliyekuwa amechuchumaa na spana mkononi, aliinua kichwa. "Na huyu anao, mzee wangu. Tena mpana." Akagonga tangi. "Mimi mwenyewe sinywi, dini yangu hairuhusu. Lakini pikipiki haijasilimu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na hata Rwekaza alijikuta anacheka. Kisha akauliza kama wazee wa makaburini wametengewa kibuyu chao cha kwanza, kama ilivyo kila ndizi za kibanja kile zinapokamuliwa. Kicheko kikakatika. Jovita akajishughulisha na kuni. Hakuna aliyetenga kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekamua pombe ya kunywa watu. Rwekaza aliondoka bila kuaga.

Mwaka huo Edvina alikuja Kagoma peke yake. Alikuwa mwanamke mkimya, na hakukaa mbele ya baba mkwe wake mpaka alipoambiwa.

"Baba, nisaidie. Analala ngumi ya kulia ameikunja, anaipindua kama anaongeza moto. Nikimwamsha ananitazama kama nimesimama katikati ya njia."

"Umemwambia arudi kibanjani?"

"Anasema baada ya Desemba."

"Desemba ipi, mwanangu? Hata mimi nimewahi kuambiwa Desemba."

Avit alipofuata, mzee alimketisha chini, na kijana akaahidi mbele ya mkewe na shangazi yake: angeshindana Desemba hiyo hapo nyumbani, Kagoma, mbele ya watu waliomzaa, kisha angeleta mabati ajenge. Rwekaza alilishika neno hilo. Aliacha hata kumsema Jovita kuhusu ndizi. Alijiambia, mashine inywe ishibe, mwisho wa kunywa kwake unajulikana.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Waliorudi likizo walipanga magari yao kuzunguka rweya, vioo vimefunguliwa, kila gari na muziki wake. Rwekaza hakuwahi kumwona mwanawe akishindana, na hakupenda aliyoyaona. Zile pikipiki hazikwenda kama pikipiki. Zilikwenda ubavu, kama mbwa aliyegongwa. Avit alikuwa mbele tangu mwanzo, peke yake, mguu wa chuma ukichana majani, na kila alipopita mbele ya baba yake ile harufu ya tanga ilibaki hewani.

Alishinda. Kabla hajapunguza mwendo, watu waliruka kamba wakajaa njiani ili wambebe, wanawake, watoto, vijana wenye simu juu, wote wamesahau, au hawakuwahi kujua, kwamba kile kinachowajia hakina breki. Avit aliiangusha. Aliilaza chini yote, ikateleza, mfuniko wa tangi ukaruka, gongo likamlowesha, naye akaviringika akasimama karibu na miguu ya watu. Hakuna aliyeguswa. Akainua mikono. Umati ukalipuka kwa furaha.

Kisha akaanza kucheza.

Aliruka. Alijipiga kifuani, akajipindua, akajipiga mapajani. "Cheza, Kushoto! Cheza!" Kipaza sauti kikamtaja yeye na ukoo wake, mtu akafungua muziki, na vijana wakaanza kumwiga, wakijipiga vifua wakicheka. Rwekaza akaona nyasi chini ya miguu ya mwanawe zinajikunja na kuwa nyeusi. Akaona shati lake linafunguka matundu, lenyewe, na hakuna kitu kinacholigusa.

Kila mtu Kagoma anaujua moto wa gongo. Ni wa bluu. Lakini waliujua kutoka kibandani kwa Jovita, gizani, mlango umefungwa kwa kuwaogopa mgambo, ambako gongo hupimwa kwa kijiko na kiberiti. Hakuna aliyewahi kuuwasha nje, kwenye jua la saa sita. Juani hauonekani.

"Anaungua!" Rwekaza alipiga kelele. "Mwanangu anaungua!"

"Mzee, mwache kijana afurahi!" mtu akamjibu, akamshika mkono ili acheze naye.

Ni Zahoro aliyeelewa. Alikuja na gunia lililolowa, akamrukia Avit akamwangusha, na watu wakacheka hilo nalo, mpaka waliposikia sauti aliyoitoa Avit akiwa chini.

Alilala hospitali Bukoba kwa muda mrefu. Kaka zake walikuja, wakasimama mlangoni, wakarudi walikotoka. Rwekaza alikwenda kila alipopata nauli, akakaa kando ya kitanda akitazama bandeji ambazo ndani yake alijua kuna uso. Siku Avit alipoweza kuzungumza vizuri, Zahoro alikuwepo, mikono yake mwenyewe imefungwa hadi kwenye viwiko. Avit hakuuliza habari za mke wake, wala za kibanja.

"Mashine?" akauliza.

"Imepona kuliko wewe, ndugu yangu. Imepinda usukani tu."

Nyuma ya bandeji Avit akatabasamu. Rwekaza aliliona lile tabasamu. Alichukua fimbo yake, akatoka, akapanda gari la Muleba, na alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alichukua panga.

Alianza kwenye milamula. Mgomba haukatwi kwa shida, ni maji matupu, ila ukianguka una mlio kama wa mtu anayekaa chini akiwa amechoka. Mbire zikalala moja baada ya nyingine, zenye mikungu na zisizo na mikungu, na utomvu ukamganda mzee mikononi ukawa mweusi. Jirani yake, Privatus, alisimama upande wa pili wa mpaka. Hakuvuka. Alivua kofia.

"Ta Avit, mwanao amekufa?"

"Hajafa. Ndiyo maana nakata."

"Unajua unachokifanya?"

"Nakata mafuta," akasema Rwekaza. "Haina cha kunywa tena."

Privatus alitaka kusema jambo, lakini aliona uso wa mwenzake akarudi kwake. Jovita alipokuja alikaa chini katikati ya visiki akalia kama mtu aliyefiwa, na Rwekaza akadhani analilia biashara yake. Akamfukuza.

Masika yalikuwa yameanza walipokuja. Pikapu ya Zahoro iliingia uani taratibu, Edvina akiwa mbele amebeba sufuria mapajani. Nyuma kulikuwa na godoro, televisheni iliyofunikwa kitambaa, mabati mapya yaliyofungwa kamba, na chini ya turubai kitu ambacho Rwekaza alikijua kwa umbo lake. Avit alishuka mwenyewe. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevutwa kama ngozi ya ngoma, lakini alikuwa anatembea. Alimsalimu baba yake kwa heshima zote, kisha akaelekea kibanjani kuchagua mahali pa kuweka mabati.

Kama angetulia, au kama angenyoosha usukani ule na kurudi uwanjani Pasaka, hakuna anayejua. Labda naye alikuwa hajui. Alikuwa amekuja na vyote viwili, mabati na pikipiki.

Alisimama kwenye milamula kwa muda. Kisha akatembea katikati ya visiki, akigusa kimoja kimoja kwa mkono usiokunjuka vizuri. Vilikuwa vimeoza juu.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi," akasema Rwekaza. "Nilikata kinywaji cha ile mashine. Sikukukata wewe."

"Tata, baba akimkatia mwanawe migomba, amemwambia nini?"

Mzee aliangalia visiki.

"Ulinifundisha mwenyewe. Nikiwa mdogo, tunapalilia hapahapa. Uliniambia Mukama, mfalme wetu wa Ihangiro, alipomfukuza mtu hakupoteza maneno. Alituma watu wakakate migomba yake, na mtu akifika akiona visiki hakuuliza, alimchukua mkewe akaenda zake. Ukasema baba naye ni hivyohivyo kwa mwanawe. Ukasema neno la mdomo huombewa radhi, la panga haliombewi."

"Hayo ni ya zamani," akasema Rwekaza.

Alisikia mwenyewe alichosema, na wote waliokuwa uani walisikia. Yeye, aliyewasema vijana wote wa Kagoma kwa kusahau.

"Ndiyo," akasema Avit. "Ya zamani."

Zahoro, ambaye siku zote alikuwa na la kuchekesha, aliangalia chini. Jovita, aliyekuwa ametoka kibandani kwake aliposikia gari, alimshika kaka yake kanzu. "Mwombe radhi mtoto. Kaka, fungua mdomo, mwombe tu! Dunia haitapasuka." Lakini Rwekaza hakuwahi kuona baba akimwomba radhi mwanawe. Hakuwa na maneno ya kufanyia kazi hiyo. Alitafuta, wote waliona anatafuta, na kilichotoka ni kuuliza kama wamekula.

"Tumekula," akasema Avit. Akapanda nyuma, karibu na turubai. Edvina alibaki amesimama na sufuria yake kidogo, akamtazama baba mkwe wake, kisha naye akapanda. Mabati hawakuyashusha.

Baada ya hapo zilikuja habari tu. Kwamba hawako tena Buhembe. Kwamba usukani umenyooshwa. Kwamba kuna mwanamke upande wa Kamachumu anayechemsha gongo mara tatu, kwa ndizi za mtu mwingine.

Mara ya mwisho Rwekaza kuwaona ilikuwa barabarani, pale njia panda ya Kagoma, alikokuwa anauza mkungu wa matoke. Pikapu ilitokea upande wa Bukoba ikielekea Biharamulo. Zahoro alikuwa kwenye usukani, Edvina pembeni yake, na tumbo lake lilikuwa limekua. Avit alisimama nyuma, ameishika ile pikipiki kwa mikono yote miwili isianguke, na miguuni pake kulikuwa na madumu ya njano. Nyuki walikuwa juu yao kama vumbi. Zahoro alimwona mzee, akapunguza mwendo hadi gari likawa karibu kusimama, na Rwekaza aliacha mkungu wake akapiga hatua kuingia barabarani, mdomo wazi. Avit alimtazama. Kisha akainua mkono mmoja akagonga paa la gari kwa kiganja, na Zahoro akaongeza moto.